Mkono wa pole si fidia

Barua tatu mwezi huu, zote za watu walioumia kazini au wanaoogopa mtu wao ataumia. Nimezikata kidogo, maana moja ilikuja na kurasa sita na hadithi ya mahari ndani yake.

*Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kengeja, nina miaka 31. Nilikuwa nafanya kazi karakana ya mbao Unguja, upande wa Mwanakwerekwe, huu mwaka wa tatu, kwa malipo ya siku shilingi 15,000, mkataba wa mdomo tu. Wiki saba zilizopita msumeno wa meza ulinikata mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kimekwenda pingili mbili, cha kati kimebaki lakini hakikunjiki. Tajiri alinipeleka spitali siku ile, akalipia dawa za mwanzo, kisha akanipa 200,000 nipande boti nirudi kwetu nikauguze. Juzi kamtuma mtu na karatasi: “Nimepokea haki zangu zote na sina madai.” Nikitia sahihi nipewe 300,000 nyengine. Anasema mimi si mfanyakazi, ni kibarua, na kifuniko cha msumeno nilikitoa mwenyewe. Kweli nilikitoa, lakini tukikitoa sote, mbao nene hazipiti. Rafiki yangu wa Dar ananambia niende WCF, ule mfuko wa fidia. Nifanye lipi? (Seremala, Kengeja)*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako haisemi kama umeshatia sahihi, na hilo ndilo lililonifanya niinue simu kwa mhariri usiku usiku jibu hili lisikose toleo. Kama hujatia, usitie. Na hiyo karatasi usiichane kwa hasira! Itie ndani ya bahasha uifiche na cheti chako cha kuzaliwa. Mtu anayesema wewe si mfanyakazi wake hakuandikii kwamba umepokea “haki zako zote”. Haki zipi, kama hukuwa wake? Kakuandikia ushahidi kwa mkono wake.

Zile 200,000 ni mkono wa pole. Ahsante yake, na mimi simtukani kwa kukupeleka spitali, wako wanaomwacha mtu mlangoni pa dharura wakazima simu. Lakini mkono wa pole ni hisani, mtu hutoa apendavyo. Fidia ni deni. Zanzibar tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 1986, ikafanyiwa marekebisho 2005, mwaka ule ule zilipotoka Sheria ya Ajira na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Msingi wake ni kwamba umeumia kwa sababu ya kazi, na ukiwa kazini. Basi. Huulizwi kwanza nani mkosa.

Ndiyo maana suala la kifuniko lisikunyime usingizi. Uzembe wa kawaida wa mtu anayeharakia kumaliza oda hauondoi fidia. Kinachoweza kuiondoa ni mambo mazito zaidi, kama vile mtu kajikata makusudi, au kaja kazini kalewa. Tena wewe unasema kifuniko mlikuwa mkikitoa nyote. Tajiri alikuwa anaona? Alikuwa akipita hapo kila siku na chai yake? Basi ule ulikuwa utaratibu wa karakana. Ataje siku hata moja aliyokukatazeni.

Ukibarua nao tuuseme. Neno hili matajiri wetu wanalitumia kama mganga anavyotumia ubani, wanafukiza kila haki iondoke. Miaka mitatu, kila siku unaingia saa moja na nusu, msumeno wake, mbao zake, oda zake, yeye ndiye anayekwambia kata hivi. Huyo si mtu aliyeitwa mara moja kuja kufyeka majani uani. Huna karatasi ya mkataba, sawa, lakini una vyengine: meseji za malipo kwenye simu, picha mlizopiga na milango mliyoitengeneza, wenzako uliofanya nao, dereva wa gari ya mbao, mama ntilie aliyekuwa akikukopesha mchana akaandika daftarini jina lako na la karakana. Nimewahi kuona kesi inasimama juu ya daftari la mama ntilie. Meseji zihamishe kwenye simu ya pili au zipigwe chapa, maana simu huanguka kisimani.

Sasa fidia yenyewe ina nini ndani yake. Kuna matibabu: spitali, dawa, kufungwa kidonda, na kwako wewe mazoezi ya kile kidole cha kati, ambayo sijaona ukiyataja. Kuna malipo ya siku ulizokaa bila kazi ukiuguza. Halafu kuna ulemavu unaobaki baada ya kupona, nao ndio wenye uzito. Huu wa mwisho hupimwa na daktari kwa asilimia, na asilimia hiyo inapigwa kwenye kipato chako.

Sikiliza hapo kwenye kipato, kwa sababu watu wanapigana miezi juu ya asilimia na huku mshahara umeshaandikwa uongo. Kwa 15,000 kwa siku, siku 26 za kazi, wewe unapata 390,000 kwa mwezi. Tajiri akijaza fomu kwamba alikuwa anakulipa 200,000, basi fidia yako imekatwa karibu nusu kabla daktari hajagusa mkono wako. Zile meseji za malipo ndizo zitakazomjibu. Na kama ukilipwa ziada ukikesha msimu wa oda za mahoteli, hiyo nayo itaje.

Nina jambo langu la kukiri hapa. Miaka 27 nilikuwa karani wa mambo ya wafanyakazi, mingi yake hapa hapa Pemba. Mwanzoni mwa kazi alikuja mzee mmoja, kiganja kimepondwa na mashine, nyuzi bado zimo. Alikuwa na shida, watoto hawajala, nami nikamhurumia, nikamharakishia barua ya kwenda kupimwa. Daktari akapima alichokiona siku ile, akaandika asilimia ndogo, pesa zikatoka, faili likafungwa. Baada ya miezi minane nilikutana naye sokoni: vidole vyote vitatu vimekakamaa kama kucha za kaa. Alinisalimia vizuri tu. Mpaka leo nikimkumbuka chakula hakishuki. Kwa hiyo usipimwe ulemavu wa kudumu mpaka daktari aseme jeraha limefika mwisho wake, kwamba hapa haliboreki tena. Kidole chako cha kati kikiwekwa mazoezini kinaweza kurudi kidogo, au kinaweza kukataa kabisa. Wiki saba ni mapema kujua. Malipo ya siku za kuuguza na dawa hayangojei kipimo hicho, hayo dai sasa.

Na usidanganyike kuwa atakayekupima atauliza unafanya kazi gani ndipo atoe bei. Kidole cha shahada cha seremala na cha mpiga simu kwenye jadweli, ile orodha ya asilimia za kila kiungo, ni kidole kimoja. Mimi naona ni dhulma, lakini ndivyo majadweli mengi yalivyo. Mwambie daktari kila kitu kinachouma na kila usichoweza: kushika patasi, kufunga kifungo, baridi ikipiga asubuhi. Asichokiona na asichoambiwa hakiandiki.

Kuhusu WCF, rafiki yako hakukosea kwake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, ulianza kazi 2015, waajiri ndio wanaouchangia, na mtu aliyeumia hulipwa asilimia 70 ya kipato chake anapouguza, hadi miezi 24. Lakini ni mfuko wa Tanzania Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, sisi tuna sheria zetu. Ukipanda boti mpaka Dar utarudi na risiti ya nauli tu.

Wewe anza hivi. Andika barua kwa tajiri, fupi, bila matusi: siku, saa, mashine, jeraha, nani alikuwepo. Nakala ipeleke afisi ya kazi, wakugongee muhuri na tarehe kwenye nakala yako wewe. Usiseme “nilimwambia kwa mdomo anajua”. Madai yana muda wake, na tajiri anayekuahidi kila wiki “subiri kidogo” mara nyengine anahesabu siku. Omba spitali ya Unguja ulikoshonwa wakupe taarifa ya maandishi ya siku ya kwanza, iwe imeandikwa “msumeno, kazini”. Ikiwa imeandikwa “ajali” tu, rudi uombe iongezwe sasa, kabla aliyekushona hajahamishwa. Na weka daftari la gharama: boti, gari ya abiria kutoka Mkoani, dawa, bendeji, hata nauli ya ndugu aliyekuja kukushika mkono kwenye ngazi. Si kila kilichomo kitalipwa, nakwambia mapema. Lakini kisicho na risiti hakijadiliwi kabisa.

Akikaidi, liko suala la usuluhishi wa migogoro ya kazi, na likishindikana Mahkama ya Kazi. Huna pesa ya wakili, najua. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana afisi Chake Chake na msaada wao ni wa bure. Nenda na bahasha yako.

*Bi Mkubwa, mume wangu kaanguka mkarafuu wiki iliyopita, nyonga imevunjika, yupo spitali ya Mkoani. Akichuma shamba la mtu kwa pishi, analipwa kwa kipimo alichochuma. Mwenye shamba kaleta mchele na sukari, anasema mti hauna bima. Nina watoto watano. (Mama wa Mtambile)*

Mwanangu, Mungu amuafu. Tawi la mkarafuu ni hadaa: unaliona zima, unalikanyaga, linakatika bila kulia. Kila msimu tunazika na tunauguza.

Kwa mwenye shamba sitakuahidi kitu, kwa sababu mchumaji wa pishi leo yuko shamba hili, kesho lile, na kumthibitisha kuwa ni mwajiriwa ni kazi ngumu kuliko kwa yule seremala. Jaribu, lakini usikae ukingoje mlango huo peke yake. Uko mlango wa pili ambao wachumaji wengi hawaubishi: waliojeruhiwa kwa kuanguka mikarafuu wamekuwa wakilipwa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, ulio chini ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Hapo hawakuulizi kama ulikuwa na mkataba. Wanataka kujua kwamba kweli mtu alianguka, kweli kwenye mkarafuu.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda kwa sheha. Mwambie siku, shamba la nani, nani walimbeba. Omba barua. Wale waliokuwa juu ya miti ya jirani waandikwe majina kabla msimu haujaisha, maana wengine ni wa kutoka mbali na wataondoka. Spitali wakupe karatasi iliyotaja kuanguka mkarafuu. Ukishapata hizo mbili nenda afisi ya ZSTC iliyo karibu yako, uandikishe. Si lazima angoje atoke kitandani, wewe mkewe unaweza kutangulia.

Mchele na sukari pokea. Usitie sahihi tu.

*Bi Mkubwa, mimi nina karakana ya vyuma Wete, si tajiri kama mnavyotuita. Vijana saba. Nimesikia bima ya wafanyakazi ni ghali. Nikiwaandikisha wanne tu, wale wa mashine, si inatosha? (Fundi)*

Umeuliza vizuri kuliko wengi, na umeuliza kabla ya damu, kwa hiyo nakuheshimu. Bei ya bima hii haitoki hewani: wanaangalia jumla ya mishahara unayolipa na hatari ya kazi. Kuchomelea na kukata chuma utalipa zaidi ya mwenye duka la vitambaa, hilo halina ujanja. Waulize Shirika la Bima la Zanzibar, wapo tangu 1969, na uulize kwengine pia, ulinganishe. Kisha linganisha na mkono mmoja wa kijana mmoja ukiulipia mwenyewe, kwa pesa ya mauzo ya mageti. Karakana ya vijana saba haitoki hapo.

Lakini wanne kati ya saba, hapana. Ajali haisomi orodha. Akiumia wa tano, bima wataangalia majina, wewe utabaki na deni lote, na yule kijana atabaki na swali kwa nini wenzake waliandikwa. Waandike saba. Na huyo mtoto wa nduguyo anayekuja mchana kuleta chai na kushika nondo ya upande wa pili wakati inakatwa, ambaye humo kwenye barua hukumhesabu, ni wa nane.