Vishimo vya kutu kwenye wembe wa kukunja: kipi kiondolewe, kipi kiachwe

Wembe wa kwanza wa kukunja niliojaribu kuurejesha ulikuwa wa Solingen, Ujerumani, na bapa lake lilikuwa limechongwa kwa ndani pande zote mbili hadi kuwa jembamba mno karibu na makali. Kwa kutamani kuondoa kila kishimo niliusugua kwa mashine, na muda si mrefu ncha yake ikawa ya buluu. Rangi hiyo humaanisha kwamba chuma kimefikia joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ugumu unaoshikilia makali ukishapotea kwa namna hiyo, hakuna kinoo kinachoweza kuurudisha. Tangu siku hiyo nasugua kwa mkono tu.

Kabla ya kushika msasa, kagua makali kwa lenzi inayokuza mara 10. Kutu nyekundu ya juu juu hutoka kwa kitambaa chenye mafuta, lakini doa jeusi mara nyingi huwa limeficha kishimo chini yake. Kishimo kilicho katikati ya bapa ni kasoro ya sura peke yake. Kilichofika kwenye makali ndicho cha kuogopwa, kwa sababu unaponoa, makali humeguka hapo hapo na kukwaruza ngozi. Hapo italazimu kuyasaga makali yote hadi ukipite, na kikiwa kirefu ni afadhali kuuacha wembe huo.

Ulaze wembe juu ya ubao bapa, makali yasitokeze nje, kisha tumia msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe si kinyume chake. Mgongo wenyewe usiuguse, kwani unene wake ndio unaopanga pembe ya kunolea. Nakshi ya dhahabu nayo hufutika mara moja, basi izungukie.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mpini. Seluloidi ya zamani, aina ya plastiki iliyotengenezewa mipini, ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma, kwa hiyo ukiona vishimo vimejazana pale bapa linapolala ndani ya mpini, badilisha mpini kwanza, la sivyo kutu itarudi hata ukiupaka wembe mafuta kila siku.

Wembe ninaonyolea sasa, wa Sheffield, Uingereza, una vishimo vitatu karibu na mgongo. Kuviondoa kungenigharimu chuma kingi kizuri, nami nimeviacha.