Mifumo haisomani: maswali ya wiki hii

Programu yetu ya mauzo na ile ya uhasibu, QuickBooks, hazisomani. Tusaidie haraka. (Mwanza)

Kwa sentensi hiyo siwezi kukusaidia, na nimeshaandika hivi mara nyingi. Nitumie muamala mmoja tu ambao haukufika: namba ya risiti, tarehe, saa na kiasi. Kisha niandikie maneno ya kosa kama yalivyo kwenye skrini, neno kwa neno. "Imegoma" si maneno ya kosa.

Malipo ya lipa namba yanaingia mara mbili kwenye vitabu. Mhasibu anasema ni mtandao, fundi anasema ni mhasibu. Mimi mwenye duka nimebaki katikati. (Duka la vipuri, Kariakoo)

Ndugu yangu, acha kuwasikiliza wote wawili kwa nusu saa. Chukua malipo mamoja yaliyojirudia uyafungue mwenyewe. Usianze na jumla ya mwezi, kwani jumla haitakuambia kitu.

Kila muamala wa M-Pesa, Airtel Money au Mixx una namba yake ya kumbukumbu. Ukikuta maingizo mawili yana namba ileile, jua fedha iliingia mara moja, vitabu ndivyo vimeandika mara mbili. Sasa angalia nani aliandika. Programu yoyote ya uhasibu inayostahili jina hilo huweka historia ya nani alifanya nini na saa ngapi. Mara nyingi nikifungua historia hiyo nakuta ingizo la kwanza limeletwa asubuhi na kiunganishi, yaani programu inayohamisha data kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na la pili limepakiwa na mtu jioni. Mtu huyo alishusha taarifa ya miamala, akaiingiza kwa mkono "ili tuwe na uhakika". Hayo ni mabomba mawili kwenye ndoo moja. Funga moja leo, na umwambie kila mtu ofisini ni lipi limefungwa.

Yakiwa yote mawili yameletwa na kiunganishi, basi mhasibu wako hana kosa. Kiunganishi kilituma, jibu likachelewa njiani, kikadhani hakikusikika, kikatuma tena. Mtandao wetu utachelewa kila siku, na fundi alitakiwa kulijua hilo kabla hajaandika mstari wa kwanza. Mwambie programu iulize kwanza: "Namba hii ya kumbukumbu nimeshaipokea?" Ikiwepo, isiandike tena.

Na cha kutambulisha malipo kiwe namba hiyo, kisiwe jina wala kiasi. Mteja wa Kariakoo analipa kwa simu ya shemeji yake, na kwa siku moja watu watano wanaweza kulipa 35,000 ileile. Namba ya simu nayo ina matatizo yake: upande mmoja imeandikwa 0712, mwingine 255712, mwingine +255 712. Programu inahesabu wateja watatu, na mmoja wao anaonekana anadaiwa ilhali alishalipa. Nimeona mteja wa miaka mingi akipigiwa simu ya deni kwa sababu ya sifuri moja. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia.

Kitufe cha kusawazisha mifumo (sync) kikigoma, usikibonyeze tena kabla hujajua safari ya kwanza iliacha nini nyuma.

Nifute hayo yaliyojirudia? (huyohuyo)

Usifute. Chukua nakala ya data kwanza, kisha yatengue kwa ingizo la kurekebisha lenye maelezo. Mwezi uliokwisha fungwa na ritani yake ya kodi kupelekwa usiguswe bila mhasibu.

Mauzo ya siku ni 1,000,000 lakini iliyofika benki ni pungufu. Programu inaiba? (Iringa)

Haiibi. Ni makato ya huduma ya malipo. Andika mauzo kamili, andika makato kama gharama, na fedha ipite kwenye akaunti ya mpito, yaani ya kushikilia fedha iliyo njiani, hadi ifike benki. Akaunti hiyo lazima irudi sifuri. Isiporudi, hapo ndipo pa kutafuta.

Niongeze ambalo hukuuliza. Kila jioni linganisha mauzo kwenye programu, Z ripoti (jumla ya siku) ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na fedha iliyoingia. Ni dakika kumi. Wenye biashara wananiambia walilipia kiunganishi ili waachane na kazi hiyo, na mimi nawaambia walielewa vibaya walichonunua. Kiunganishi kimewapunguzia kunakili. Kuhakiki bado ni kwao, tena zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa kosa moja linaweza kujirudia mara mia tatu kabla ya chakula cha mchana.

Baa yetu inafunga saa nane usiku. Kila mwisho wa mwezi mauzo hayalingani na uhasibu, ingawa katikati ya mwezi mambo ni shwari. (Mama mwenye baa, Moshi)

Mama yangu, asante kwa kueleza vizuri, umenirahisishia. Hata katikati ya mwezi hayalingani, ila hulioni kwa sababu jumla ya mwezi inaficha. Seva nyingi hutunza saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Bia iliyouzwa saa nane usiku kuamkia tarehe 1 Septemba inaandikwa huko kuwa saa tano usiku ya tarehe 31 Agosti. Programu ya mauzo inakuonyesha Septemba, uhasibu unasema Agosti.

Ingia kwenye mipangilio ya pande zote mbili uweke saa ya Afrika Mashariki. Halafu tumia tarehe ya risiti ya EFD, maana ritani ya VAT inakwenda kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, na risiti hizo TRA wanazo. Waangalie pia wanaoandika saa kwa mkono. Keshia akiandika "8:00" akimaanisha saa nane mchana, programu inasoma saa mbili asubuhi.

Kontroli namba zetu zinageuka 9.91E+11 tukiingiza kwenye uhasibu. (Ofisi ya uwakala, Dodoma)

Mmefungua faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu) kwa Excel, mkalihifadhi. Excel ikiona tarakimu 12 huzifupisha, na ukihifadhi CSV inaandika kile kinachoonekana kwenye seli. Tarakimu nyingine zimepotea humo moja kwa moja. Msijaribu kuzikumbuka. Shusheni faili upya, na safari hii liingizeni kupitia menyu ya data, safu hiyo ikiwekwa kuwa maandishi. Namba za simu nazo fanyeni vivyo hivyo, la sivyo sifuri ya mwanzo italiwa.

Mkiwa hapo, angalieni tarehe. Niliwahi kukaa na mhasibu mmoja hadi usiku tukitafuta ankara ya 5/6, yaani tarehe 5 Juni. Programu ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, ikaipeleka tarehe 6 Mei, ndani ya mwezi uliokwisha fungwa. Dalili yake ni hii: ankara za tarehe 1 hadi 12 zinaingia, kuanzia 13 zinakataliwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Mkiona nusu ya faili imeingia na nusu imekataa, angalieni hilo kwanza. Andikeni mwaka mbele, 2025-06-05, na ubishi utaisha.

VAT inatofautiana kwa senti moja kati ya programu mbili. (Tanga)

Bidhaa tatu za 10,000 kila moja, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani: ukikokotoa moja moja unapata 1,525.42 mara tatu, yaani 4,576.26. Ukikokotoa kwa jumla ya 30,000 unapata 4,576.27. Amua njia moja, uiweke pande zote.

Lakini tofauti ikiwa 274.58 kwa kila 10,000, hiyo si senti. Programu moja inaamini VAT imo ndani ya bei, nyingine inaipiga juu na kupata 1,800. Simamisha usawazishaji leo.

Stoo inasoma -23 kreti za soda. (Morogoro)

Umeuza chupa 24, programu ya mauzo imetuma "24", uhasibu umetoa kreti 24. Ulikuwa na kreti moja. Sajili vipimo vyote viwili na uwiano wake.

Mifumo ilisomana mwaka mzima, ghafla imekata. Hatujabadilisha chochote. (Arusha)

Mmebadilisha mtu. Kijana aliyeunganisha mifumo alitumia barua pepe yake binafsi, ameondoka, akaunti yake ikafungwa au nywila ikabadilishwa, na kibali cha mifumo kusomana kikaondoka naye. Vibali vingine hufa vyenyewe visipotumika: cha Xero, programu nyingine ya uhasibu, hudumu siku 60. Fungua orodha ya programu zilizounganishwa, ondoa kila jina usilolijua, kisha unganisha upya kwa barua pepe ya kampuni ambayo nywila yake unayo wewe. Na uangalie kama huyo kijana bado anaweza kuingia kwenye benki yenu.