Mgeni Rasmi Akishaondoka

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umekaribia, na hapa Arusha kila shule ya serikali iko kwenye msako uleule: mgeni rasmi mwenye uwezo. Sifa ya kwanza inayotajwa kwenye kikao ni hiyo. Tabia yake, kazi yake na uhusiano wake na shule vinajadiliwa kama muda utabaki.

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa tulioandika risala ya wahitimu, na wadogo zetu wameshaanza kunitumia meseji: "Dada, tutumie ile ya kwenu tuinakili." Nimeona niwajibu hapa kwa mpigo. Nina miaka 18, nipo kidato cha tano, na sijawahi kusimamia hata bajeti ya harusi. Lakini kwa miaka yote niliyokaa shule ya kata nimeona pesa ikiingia na nimeona ikikosekana. Kuna mambo ambayo mkubwa akiyasema inakuwa siasa, na mtoto akiyasema inakuwa utovu wa adabu. Basi leo niwieni radhi.

Tuanze na hiyo risala. Kila mtu anaijua hata kabla haijasomwa. Tunamshukuru Mungu, tulianza tukiwa wanafunzi kadhaa, wavulana kadhaa na wasichana kadhaa, wengine wakahama, wengine utoro. Kisha mafanikio. Kisha changamoto, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na uzio, bwalo, jengo la utawala, gari la shule, kompyuta, maabara ya fizikia, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Mgeni rasmi akisomewa orodha ya namna hiyo atachagua kile kinachotoka vizuri kwenye picha. Simlaumu. Amekuja na watu wake wa kamera, na hata sisi tumevaa majoho ya kukodi kwa ajili ya picha hizohizo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliisoma, akaipiga mstari orodha yote, akatuuliza swali moja tu: ni kitu gani kikikosekana wiki moja, shule inasimama? Tukabaki tunatazamana. Gari la shule halikuwepo tangu shule ianzishwe na hatukuwahi kusimama. Uzio vilevile. Tulipofikiri vizuri yakabaki mambo manne: karatasi, wino, maji na umeme wa LUKU.

Wino tulikuwa tunaujua vizuri. Miaka kadhaa kabla ya mahafali yetu alikuja mgeni rasmi aliyeahidi mashine ya fotokopi, na tofauti na wengine wengi, aliileta. Ilishushwa kwenye kirikuu ikiwa mpya kabisa, ina utepe mwekundu, tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ikachapa mitihani ya muhula mmoja. Wino ulipoisha ikafunikwa kitenge kwenye kona ya ofisi ya taaluma, na juu yake ikawekwa chupa ya chai ya walimu. Mitihani ikarudi kuchapwa steshenari, nasi tukarudi kuchanga. Mtu alitoa kwa moyo mweupe, shule ikapokea kwa moyo mweupe, na bado mashine ikageuka meza.

Nilipouliza kwa nini shule isinunue wino kwa pesa yake, mwalimu mmoja wa hesabu alinipa kipande cha chaki akasema, "Haya, piga mwenyewe." Nawashauri na nyie mpige, kwa sababu haya hayafundishwi kwenye somo lolote.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali ilichukua jukumu la kuzipelekea shule pesa moja kwa moja. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwa msingi ni 10,000. Lakini si yote inayofika shuleni: kwa sekondari nusu, yaani 12,500, hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Juu yake kuna fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, ile ada ambayo wazazi walikuwa wakilipa zamani. Sasa chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 600. Ruzuku inayofika ni 7,500,000 kwa mwaka, sawa na 625,000 kwa mwezi. Fidia ya ada ni 12,000,000 kwa mwaka, sawa na milioni moja kwa mwezi. Jumla 1,625,000. Hapo kuna chaki, karatasi, mitihani, dawa na vifaa vya maabara, bili ya maji, umeme, mlinzi, kitasa kilichovunjika, na nauli ya mwalimu anayeitwa halmashauri. Ukichukua ile ruzuku peke yake, kila mwanafunzi anaangukiwa na kama shilingi 1,040 kwa mwezi. Kaunta buku moja hulipati kwa pesa hiyo.

Halafu viwango vyenyewe ni vya zamani. Hiyo 10,000 ya msingi ilipangwa wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, ilipokuwa karibu sawa na dola 10. Nilikuwa sijazaliwa. Elimu bila ada ilipoanza, viwango vikabaki vilevile. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "serikali imeshatoa, walimu wanakula," namwomba kwanza apige hesabu. Wapo wanaokula, sibishi. Lakini hata asipokula mtu, hesabu haitoshi.

Na nisionekane sina shukrani: mimi mwenyewe nipo kidato cha tano bila ada kwa sababu ilifutwa kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Nyumbani tuko wanne. Bila hilo mmoja wetu angekuwa anauza maparachichi soko la Kilombero hapa mjini sasa hivi, na nadhani angekuwa mimi.

Sasa tuje kwenye watu wa mfano, maana mgeni rasmi hatujii kama pochi tu. Anasimama pale mbele ili tumtazame na tutamani kuwa yeye. Nimeshasikia hotuba nyingi, na nina hakika wageni rasmi wote wa Tanzania walitembea kwenda shule bila viatu. Sijawahi kumsikia hata mmoja aliyepanda gari. Wanamalizia kwa "someni kwa bidii", halafu wanaondoka kuwahi shughuli nyingine. Wenzangu huwa wanaguna kwamba mgeni rasmi watoto wake anawasomesha shule za mchepuo wa Kiingereza. Hilo mimi halinisumbui, kila mzazi anapeleka mwanawe anakoweza. Kinachonisumbua ni kwamba hatuambiwi katikati: kati ya kukosa viatu na kuwa na V8 kulitokea nini? Nani alimlipia? Alifeli wapi?

Ndiyo maana mimi napenda wanariadha. Wao katikati yao inaonekana. Septemba 15, 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Kwetu ilikuwa bado usiku, watu wamelala. Asubuhi ile ya Jumatatu tukiwa mstarini, walimu walikuwa wanapokezana simu kutazama zile hatua za mwisho, na mwalimu wa zamu akasahau kabisa kukagua kucha. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, na mazoezi yake anafanya hapahapa Arusha.

Kwenye mahafali yetu akatajwa, bila shaka, kwa ile dhahabu. Mimi ningetaja miaka iliyotangulia. Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017 akapata shaba. Olimpiki ya Tokyo akawa wa saba, yaani akarudi nyuma. Ndipo ikaja 2025. Ukipanda kifodi, hizi daladala zetu, cha Ngaramtoni alfajiri unawaona wakimbiaji pembeni ya barabara, wengine hata hutawajua majina kamwe, na hakuna anayewapigia makofi.

Yuko pia Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Wengi wa umri wangu wanamjua kwa shule kuliko kwa mbio, kwa sababu baadaye alianzisha shule zenye jina lake. Upande wa Moshi wazee watakutajia Mama Maria Kamm, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana Weruweru kwa miaka mingi. Shangazi yangu alipita pale, na mpaka leo hawezi kuacha kitanda bila kutandikwa. Baba yangu yeye mtu wake wa mfano ni Sokoine, waziri mkuu wa zamani, hana mwingine, na ukitaka chakula cha usiku kichelewe mguse hapo.

Kaka zangu wanataja Weusi, lile kundi la rap la hapa Arusha, na sina ugomvi nao. Nikki wa Pili wa kundi hilo alipoteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, mtaa mzima wa kwetu uliona kumbe mtoto wa Chuga, yaani Arusha, anaweza kurap na bado akasoma mafaili. Ila ushauri wangu kwa mwenye umri wangu ni huu: ukimpenda msanii, mpende kwa kazi yake na umwachie maisha yake. Ukimfanya dira ya kila kitu, siku akikosea unabaki huna pa kushika.

Bibi yangu wa Kibosho ananicheka nikianza mada hizi. Kwao aliyesomesha watoto ni kahawa. Mavuno yakipelekwa KNCU, ushirika uliokuwepo tangu 1933, ada inatengwa kabla ya bati, kabla ya kitenge, kabla ya kitu chochote. Nilimuuliza mgeni rasmi wao alikuwa nani. Akasema, "Mgeni wa nini? Shule ilikuwa yetu."

Basi mambo ya kufanya. Kwanza, mkifika kwenye changamoto andikeni ombi moja, na mlifanyie kazi. Nendeni steshenari au kwa fundi, mpate bei ya kweli, na muandike nani atakitunza kitu hicho na kwa pesa gani. Sisi tuliomba wino na karatasi za mwaka mzima. Mshereheshaji aliona aibu kulisoma, akalipitia harakaharaka kama mtu anayetaja deni la jirani. Mgeni rasmi akacheka, akauliza bei, ikawepo, akalipa palepale kwa simu. Ni pesa ndogo kuliko mashine yenyewe.

Pili, someni ubao wa matangazo. Shule inatakiwa kubandika mapato na matumizi, na shule nyingi hubandika, ila karatasi inakaa pale mpaka inageuka njano bila mtu kusimama. Kama haipo, pitieni serikali ya wanafunzi au mwalimu mlezi. Namna ya kuuliza ina maana sana. "Pesa zimekwenda wapi?" ni tuhuma, utaambiwa umetumwa. "Shikamoo mwalimu, tunaomba kujua ruzuku ya mwezi huu imefika na imepangiwa nini" ni swali, na mara nyingi mkuu wa shule anafurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Wetu alituonesha mpaka deni la maji. Tukatoka pale tukifunga mabomba bila kuambiwa.

Tatu, hili ni la wazazi. Mama, baba, kikao cha wazazi si cha kutuma mtoto akasaini. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, na wengi walichukulia kwamba mzazi hahusiki tena na kitu. Chakula cha mchana kwa shule za kutwa hakikuwahi kuwa ndani ya elimu bila ada. Makande yale tunayokula yanatoka kwenye mahindi na maharage mnayokubaliana nyie, kwa hiari, kwa utaratibu unaojulikana wilayani. Nendeni mkakubaliane. Dai stakabadhi, hata ya debe la mahindi. Na asiyeweza kutoa asizuiliwe mwanawe kuingia darasani, hilo lisemwe kikaoni kwa sauti, kwa sababu sisi huku ndani tunajua ni nani anakwenda "kunywa maji" kila saa saba na harudi mpaka wenzake wamalize kula.

Kuhusu mgeni rasmi wa mwaka huu, wadogo zetu wameniuliza nipendekeze jina. Nimempendekeza dada mmoja aliyemaliza pale zamani, sasa ni muuguzi, ambaye hurudi shuleni kuzungumza na wasichana mambo ya hedhi na usafi, anakuja na pedi zake mwenyewe, na akimaliza anapanda kifodi anaondoka. Kamati ikauliza, "Sasa huyo atatoa nini?" Wamebishana wiki nzima. Mwisho wameamua mgeni rasmi abaki mfanyabiashara waliyemwandikia barua, na dada apewe nusu saa ya kuzungumza kabla ya vyeti. Nimewaambia nusu saa hiyo iwe mapema, jua likiwa halijawa kali, maana ikifika zamu ya keki hakuna anayemsikiliza mtu.