Futa hilo neno "nikishatulia"

Mleta uzi, nimesoma bandiko lako nikiwa kwenye foleni na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani. Unahama wiki tatu zijazo, una kifafa, unameza lamotrigine, una vidonge vya mwezi mmoja, na umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "daktari nitamtafuta nikishatulia." Halafu unauliza bima ipi nzuri, kama dada yako anaweza kukutumia dawa kwa posta, na kama vidonge vya huko ni vile vile.

Sina hongera ya safari leo. Mimi ni wewe wa miaka minne iliyopita, na jino langu la mbele ni la bandia.

Nianze na aliyenipoteza. Kulikuwa na jamaa, simtaji, aliyekuwa ameishi kule miaka minane, na kila anayehama alielekezwa kwake kama vile ndiye ubalozi. Nilimuuliza swali moja tu la dawa. Akacheka. "Kule unaingia duka la dawa, unaonyesha boksi, unapewa. Usijaze begi vidonge kama mzee." Nikamwamini, maana mengine yote alikuwa anayajua: nyumba, laini ya simu, benki, treni. Baadaye sana ndiyo nikagundua kwamba katika miaka yake yote minane hajawahi kumeza kitu kikali kuliko paracetamol. Kushauriwa dawa na mtu wa namna hiyo ni sawa na kufundishwa kuogelea na mtu ambaye hajawahi kulowa. Na hapa jukwaani wapo wengi wa aina yake, nimewaona hata kwenye uzi huu huu, yule aliyekuandikia "usijali mkuu, huko kila kitu kipo." Kipo, ndiyo. Hata hela benki zipo.

Sasa sikiliza hesabu yangu, maana ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Dozi yangu ilikuwa miligramu 200 kwa siku, kidonge cha 100 asubuhi na kingine usiku. Vidonge 60, siku 30. Siku ya 12 nikaenda duka la dawa na boksi langu kama nilivyofundishwa. Mfamasia alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionitisha. Akaniambia cheti cha daktari wa nje hakitambuliki kwao, inabidi niandikiwe na daktari wa pale. Nikaenda kujiandikisha kwa daktari. Wakataka uthibitisho wa anwani. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina la jamaa, si langu. Mpaka nimelimaliza hilo ilikuwa siku ya 19, na miadi ya karibu zaidi niliyopewa ilikuwa siku 24 mbele.

Nikarudi chumbani, nikamwaga vidonge kitandani, nikahesabu. Vimebaki 22.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ulionigharimu kuliko ujinga wangu mwingine wote, na nina mwingi. Nikajiambia: kimoja kwa siku badala ya viwili, nitafika siku ya 41, miadi ni siku ya 43, siku mbili ni nini? Nikajiona mjanja. Nikamwandikia hata mke wangu kwamba nimeshapanga mambo ya dawa.

Mkuu, dawa ya kifafa si mafuta ya gari, kwamba nusu tangi itakufikisha nusu ya safari. Kiwango cha dawa kwenye damu kikishuka chini ya pale panapokulinda, unaweza ukawa huna kinga kabisa huku unameza kila siku na unajisikia umetimiza wajibu. Ongeza kwamba kuhama kwenyewe ni kukosa usingizi: godoro geni, saa zimebadilika, mawazo ya kazi. Na kukosa usingizi ni kichochezi cha kifafa kinachojulikana, hilo hata kijikaratasi cha kliniki kinaandika. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuruka wenyewe asubuhi. Kikombe kikanitoka mara mbili. Nikasema ni baridi. Mwili unapiga hodi, mimi nafunga dirisha.

Siku ya miadi nikaingia na boksi tupu na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa daktari wangu wa zamani. Huyu mpya alitafuta jina la kwenye boksi kwenye kompyuta yake, halipo. Lilikuwa jina la biashara la kampuni ambayo haiuzi nchini kwake. Mwandiko hakuweza kuusoma, na simlaumu, hata mimi siwezi. Akasema dawa ya kifafa hawezi kuiandika kwa kuonyeshwa boksi, anahitaji barua ya daktari aliyenitibu au rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Rufaa ingechukua miezi. Barua nikaiomba nyumbani siku hiyo hiyo, ikawa kesho, kesho kutwa, daktari yuko likizo.

Siku ya tisa bila kidonge hata kimoja nilianguka kwenye ngazi za kazini. Siikumbuki. Nakumbuka dari, nakumbuka ladha ya damu, nakumbuka mtu ananiuliza jina langu kwa lugha ambayo kwa wakati ule nilikuwa nimeisahau yote, na ya kwangu pia. Jino lilipatikana ngazi ya nne, mwenzangu mmoja kaliweka kwenye bahasha, sijui alitegemea nilirudishe.

Ungedhani jino ndilo gharama. Kazi niliyoifuata ilikuwa ya udereva. Karibu kila nchi ina sheria kwamba ukianguka kifafa unaacha kuendesha mpaka upite muda fulani bila kuanguka tena, na kwangu ilikuwa miezi 12. Niliacha familia, nikauza vitu, nikavuka nchi kwenda kuendesha gari, nikaendesha wiki tatu. Jamaa alipokuja kunitembelea akaniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "kwani hukuja na dawa za kutosha?" Nilimwangalia tu. Hospitali si mahali pa kumkaba mtu koo, ingawa msaada ungekuwa karibu.

Na bado haijaisha, sehemu inayofuata wengi hawaijui hata walioitumia dawa hii miaka kumi. Wakati wa kutoka hospitali wakanipa lamotrigine. Nikafungua: vidonge vya miligramu 25. Nikarudi dirishani nikamwambia mfamasia wamekosea, mimi ni mtu wa 200. Akanikalisha chini. Dawa ina nusu-maisha, yaani muda inaochukua kupungua nusu kwenye damu. Lamotrigine ukiiacha kwa muda unaozidi nusu-maisha yake tano, ambapo mwili unakuwa umeitoa karibu yote, huruhusiwi kurukia dozi yako ya zamani. Kwa anayemeza hiyo peke yake, kama mimi, ni kama siku tano au sita hivi. Kama unaimeza pamoja na dawa nyingine za kifafa, muda unabadilika: na valproate unarefuka, na carbamazepine unafupika, kwa hiyo ya kwako muulize daktari wako, usichukue namba zangu. Sababu ni vipele. Si vipele vya kujikuna, ni ule ugonjwa unaoitwa Stevens-Johnson, ngozi inababuka na midomo na macho vinashika vidonda, na unaua. Kuanza na dozi kubwa ghafla kunaongeza hatari hiyo. Basi nikaanza kama mgonjwa wa jana: 25 wiki mbili, 50 wiki mbili, kisha 100, na 200 nikaifikia wiki ya saba. Wiki saba za kuishi nusu kinga, sipandi kiti kubadilisha taa, siogi ndani ya beseni la kuogea, mlango wa bafu haufungwi kwa komeo.

Sasa umeona kwa nini hilo la dada yako na posta limenipandisha mori? Tuseme kifurushi kingenifikia siku ile ya tisa. Ningemeza 200 palepale kwa furaha. Tena nchi nyingi haziruhusu kabisa mtu kutumiwa dawa za cheti kwa posta, na hata zinazoruhusu, forodha wanaweza kukaa nacho mpaka umeshaanguka mara mbili. Dada mwache apumzike.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: tarehe ya safari yako si tarehe ya ndege, ni tarehe ya kidonge cha mwisho. Chukua kalenda, hesabu vidonge, weka alama siku kitakapoisha cha mwisho. Rudi nyuma wiki mbili. Kabla ya hapo lazima uwe na miadi, yenye jina la daktari, siku na saa, uliyoiweka ukiwa bado nyumbani. Huna? Huna safari, una tiketi tu. Piga simu, andika barua pepe, mtumie mwajiri wako mpya, sumbua mtu. Wakikuambia lazima uwe na anwani kwanza, basi anwani ndiyo kazi yako ya siku ya kwanza, kabla ya laini ya simu na kabla ya kitanda, na mkataba uwe na jina lako.

Na usiniambie utabeba dawa za mwaka. Daktari wako anaweza kukubali kukuandikia za miezi mitatu ukimweleza mapema, lakini nchi unakokwenda nayo ina kikomo chake. Australia wanamruhusu msafiri dawa zake za hadi miezi mitatu. Japani bila kibali maalumu ni mwezi mmoja, na amfetamini hawaipokei hata uje na barua ya nani. Uliza ubalozi wa nchi yako mpya, si mimi, na hasa si jamaa. Lamotrigine haina shida ya kuitwa dawa ya kulevya, lakini kama kuna anayesoma hapa anameza dawa za maumivu kama tramadol na kodeini, au dawa za usingizi, aulize kwa maandishi kabla hajagusa begi, zipo nchi zinataka kibali kabla ya kupanda ndege.

Barua ya daktari ichapwe, isiandikwe kwa mkono. Ugonjwa wako, dozi kwa miligramu, saa za kumeza, tangu lini, dawa gani zilishajaribiwa zikashindwa, kipimo cha mwisho cha ubongo kama unacho. Na jina la dawa liwe lile la kimataifa, yaani la dawa yenyewe kama lamotrigine, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa majina hayo tangu 1953 kwa ajili ya watu kama sisi, na mimi nikavuka mpaka na jina la kiwandani. Mngeona Flomax: Marekani ni dawa ya tezi dume, Italia boksi lenye jina hilo hilo lilikuwa na dawa tofauti kabisa ya uvimbe. Norpramin, Marekani ni ya sonona, Hispania ilikuwa ya tumbo. Kwa hiyo kuhusu swali lako la vile vile, angalia maandishi madogo chini ya jina kubwa. Na ukizoea vya kiwanda kimoja, mwambie daktari mpya, usibadilishiwe kimyakimya.

Vidonge na barua vyote begi la mkononi, kwenye maboksi yake. Hili sina haja ya kulieleza, nadhani umeshaona mabegi yanavyopotea.

Wale wa insulini, steroidi za muda mrefu na dawa za presha kama clonidine, msidhani haya ni ya kifafa tu. Zenu pia hazikatwi ghafla, na wa insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza mnahesabu kwa saa, si kwa wiki.

Kuna mtu chini hapo ameuliza kama anaweza kuanza kugawa nusu kidonge tangu sasa ili akusanye akiba. HAPANA. Soma tena kuanzia pale nilipomwaga vidonge kitandani.

Mleta uzi, usinijibu ahsante. Nenda kahesabu vidonge sasa hivi, kisha niandikie hapa hapa: cha mwisho ni tarehe ngapi?