Muulize Mwalimu wa Historia: Walimshindaje mwenye manowari?

SWALI: Mwalimu, twakusalimu kutoka Masindi. Sisi ni wanafunzi wa S.2 (sekondari mwaka wa pili). Tumesoma kwamba makoloni 13 ya Amerika yaliishinda Uingereza, iliyokuwa na manowari nyingi kuliko nchi yoyote. Kabalega wetu, mfalme wa Bunyoro, alipigana na Waingereza hao hao miaka mingi, na mwisho akakamatwa. Kwa nini wale walishinda na yeye akashindwa? Walikuwa mashujaa kuliko yeye?

JIBU: La, wanangu, hawakumzidi ushujaa. Mimi naishi Jinja, na kilima cha Mpumudde, alikofia Kabalega tarehe 6 Aprili 1923 akirudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli, hakiko mbali nami. Mtu aliyesimama vitani tangu mwisho wa mwaka 1893 hadi 1899 hahitaji kupimiwa ushujaa na yeyote. Tofauti iko kwingine, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi vya shule huipita mbio.

Ninapofundisha vita hivi huanza kwa kuchora bahari ubaoni kabla ya kuchora nchi. Kati ya London na Boston kuna maji ya zaidi ya kilomita 5,000, na mwaka 1775 meli za tanga zilichukua mwezi na zaidi kuyavuka, pengine miezi miwili au mitatu. Kila askari, kila pipa la baruti na kila barua ya amri ilipita hapo. Jemadari akiomba ruhusa London, jibu linamfikia wakati hali imeshageuka. Msisahau bahari hiyo hadi mwisho wa jibu hili.

Chanzo cha ugomvi mnakijua: kodi ya stempu ya mwaka 1765, kisha chai iliyotupwa baharini Boston mwaka 1773, na watu kudai kwamba Bunge wasilokuwa na mjumbe ndani yake haliwezi kuwatoza kodi. Risasi za kwanza zililia Lexington tarehe 19 Aprili 1775.

Sasa angalieni mizani. Makoloni yalikuwa na watu milioni mbili na nusu hivi, na mmoja katika kila watano alikuwa mtumwa. Hayakuwa na jeshi la kudumu, hayakuwa na manowari, na baruti yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kiangazi cha mwaka 1776 Waingereza walishusha New York askari zaidi ya 30,000, wakiwemo Wajerumani wa kukodiwa. George Washington, jemadari mkuu wa makoloni, alipigwa vibaya Long Island mwezi Agosti. Alikuwa amebanwa, mto nyuma yake na adui mbele. Usiku wa tarehe 29 wavuvi wa Marblehead, waliokuwa askari katika kikosi cha John Glover, wakavusha watu kama 9,000 kwa mashua, na asubuhi ukungu ukawaficha wa mwisho. Waingereza wakakuta mahandaki matupu.

Kwangu mimi usiku ule una uzito kuliko mapigano mengi ya ushindi. Washington alipoteza mapigano mengi, na sisemi hivyo kumshusha. Alikuja kuelewa kwamba Uingereza ingeweza kuteka New York, hata Philadelphia, mji ambamo Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, ilikuwa ikikutana, na bado vita visingekwisha. Philadelphia ilitekwa kweli mwaka 1777. Wajumbe wakafungasha wakahamia mji wa York, wakaendelea na vikao. Cha kulindwa kilikuwa jeshi lenyewe. Likiwepo, hata likiwa na njaa, koloni halijarudi mkononi mwa mfalme.

Kulilinda hakukuwa lelemama. Maradhi, ndui ikiwemo, yaliwaua askari wengi kuliko risasi zilivyoweza, na mwaka 1776 ndui iliwavunja nguvu kabisa waliokwenda kuteka Quebec, Kanada. Washington mwenyewe aliugua ndui Barbados akiwa na umri wa miaka 19, akapona, akawa hawezi kuipata tena. Mwanzoni mwa mwaka 1777 aliamuru askari wachanjwe, kwa njia ya siku zile: ngozi inakatwa kidogo na kutiwa usaha wa mgonjwa, mtu anaugua kiasi, kisha anakuwa na kinga. Ilikuwa amri ya hatari, maana waliochanjwa walilala vitandani wiki kadhaa wasiweze kupigana. Mimi naihesabu miongoni mwa ushindi wake mkubwa, ingawa hakuna bendera iliyopandishwa siku hiyo.

Mwaka huo huo Jemadari Burgoyne wa Uingereza alishuka kutoka Kanada kupitia msituni, na mizigo mingi. Wamarekani wakamwangushia miti njiani. Mwenzake Howe, badala ya kumpokea, alikuwa amepanda meli kwenda kuiteka Philadelphia. Burgoyne akajikuta peke yake Saratoga, na tarehe 17 Oktoba 1777 akasalimu amri na watu karibu 6,000.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ufaransa ilikuwa na kisasi na Uingereza tangu iliponyang'anywa Kanada mwaka 1763, na tayari ilikuwa ikipenyeza bunduki na baruti kwa siri kupitia kampuni ya biashara ya kubuni. Baada ya Saratoga ilitoka hadharani: mkataba ulitiwa saini tarehe 6 Februari 1778, Benjamin Franklin, mjumbe wa makoloni, akiwepo Paris. Mwaka uliofuata Hispania nayo ikaingia vitani. Uingereza sasa ilibidi ilinde visiwa vyake vya sukari, Gibraltar na hata pwani yake yenyewe.

Mwisho mnaujua kwa jina la Yorktown. Cornwallis, jemadari wa Uingereza, akiwa amechoshwa na vita vya kusini, alipiga kambi kando ya maji mwaka 1781 akitegemea manowari zimsaidie kama kawaida. Washington na Rochambeau, jemadari wa Wafaransa, walijenga matanuri ya mikate karibu na New York ili adui aamini watakaa kuushambulia mji huo, kisha wakaondoka na jeshi, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kuelekea kusini. Tarehe 5 Septemba manowari za Mfaransa de Grasse zikapambana na za Waingereza mdomoni mwa ghuba ya Chesapeake, zikazirudisha. Hii ndiyo bahari niliyowaambia msiisahau: safari hii ilimfungia Mwingereza mlango. Tarehe 19 Oktoba watu zaidi ya 7,000 wakaweka silaha chini. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Sasa turudi Bunyoro. Kabalega naye aliijua mbinu ya kutokamatwa: alipiga, akatoweka, akavuka Nile hadi nchi ya Lango. Lakini Kanali Colvile wa Uingereza alikuja na maelfu ya wapiganaji wa Buganda, pamoja na askari Wanubi kutoka Sudan na bunduki za rashasha za Maxim. Adui yake alikuwa jirani, hakutenganishwa naye na bahari. Na panzi wa Ulaya safari hii hawakupigana: mwaka 1890 mataifa yao yalikuwa yamekubaliana Brussels kuzuia silaha za moto zisiuzwe ovyo katika eneo kubwa la Afrika. Hakuna de Grasse aliyekuja. Tarehe 9 Aprili 1899 Kabalega akakamatwa, pamoja na Mwanga, aliyekuwa mfalme wa Buganda, ambaye alikuwa amejiunga naye wakati umeshapita.

SWALI: Je, watu wote wa makoloni 13 walitaka uhuru? (P.7, darasa la saba, Arua)

JIBU: Hapana. Wengi walibaki upande wa mfalme, na watu kama 60,000 hivi waliihama nchi. Franklin niliyemtaja hapo juu alikuwa na mtoto, William, gavana wa New Jersey, aliyekataa katakata kumwasi mfalme. Baba na mwana hawakupatana tena.

SWALI: Waafrika walikuwa upande gani? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Pande zote mbili, kila mmoja akitafuta mlango uliofunguka. Maelfu walipigana upande wa Washington. Lakini Novemba 1775 gavana Mwingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayekuja kushika silaha za mfalme atakuwa huru, na wengi wakakimbilia kwake. Mimi husikitika kila ninaposoma maneno ya Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, huku nikijua nani alikuwa akilima mashamba ya waliotia saini.

Mfuateni mtu mmoja, Harry Washington. Alitekwa Afrika Magharibi, akanunuliwa na George Washington, akatoroka Mount Vernon, shamba la bwana wake, mwaka 1776 na kujiunga na Waingereza. Vita vilipokwisha aliondoka New York kwa meli pamoja na Waafrika wengine wapatao 3,000 waliopelekwa Nova Scotia (sasa ni sehemu ya Kanada), wakaahidiwa ardhi, na wengi wakapewa mawe na baridi. Mwaka 1792 alikuwa miongoni mwa watu karibu 1,200 waliovuka tena bahari kwenda kuujenga mji wa Freetown, Sierra Leone. Kampuni ya Waingereza iliyotawala pale ikawadai kodi ya ardhi ambayo wao walisema hawakuikubali kamwe. Mwaka 1800 wakaasi. Harry alikuwa miongoni mwao. Uasi ukazimwa, naye akafukuzwa kupelekwa pwani ya Bullom, ng'ambo ya mto.