Maumivu wakati wa kumwaga manii: usikubali kutibiwa bila kupimwa

Pole sana mkuu. Umesema ukifika kileleni unahisi kuungua, maumivu yanashuka hadi kwenye korodani, na antibiotiki za duka la dawa hazijakusaidia. Hali hiyo naijua, nimeishi nayo.

Zahanati niliyoanzia waliniambia ni UTI bila hata kuniomba mkojo. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, maumivu yakabaki palepale. Baadaye manii yakaanza kutoka na rangi ya kutu. Aliyenisaidia ni daktari bingwa wa njia ya mkojo, na swali lake la kwanza lilikuwa: umekulia wapi? Nimekulia Shinyanga, kwenye majaruba ya mpunga, na hadi leo nikirudi nyumbani naingia majini kulima. Akanituma maabara nikatoe mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndio muda mayai ya minyoo ya kichocho, inayoambukiza kwenye maji kama hayo, hutoka kwa wingi. Yakaonekana. Wengi tunajua kichocho ni kukojoa damu tu, kumbe mayai hunasa hata kwenye tezi dume na vifuko vya manii. Nilimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, nikiwa nimeshiba. Maumivu yalipungua taratibu, si siku ileile.

Sisemi na wewe ni kichocho. Mara nyingi chanzo ni uvimbe wa tezi dume unaouma (prostatitis). Ukiwa wa bakteria wa muda mrefu, antibiotiki huchukua wiki 4 hadi 6, kwa hiyo dozi ya siku tano haifui dafu. Mkojo ukioteshwa maabara na bakteria wasionekane, na hutokea sana, usiendelee kubugia antibiotiki. Hapo kuna tamsulosini (dawa ya kulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu), mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, na kukalia maji ya uvuguvugu. Pima pia kisonono na klamidia. Ukikutwa nazo mwenzi wako atibiwe pamoja nawe, la sivyo mtaambukizana upya. Kama unatumia dawa za sonona, mtajie daktari, baadhi yake huleta maumivu haya.

Daktari akitaka kupima tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, mkubalie. Ni kitambo kifupi tu na kinamwonyesha mengi.

Ila ukipata homa ya kutetemeka, mkojo ukagoma kutoka, au korodani moja ikavimba na kuuma ghafla, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.