Jibu: Kiwanda cha mgeni kinahesabiwa kwa nani?

Mkuu, umeuliza kiwanda cha Wachina pale Barabara ya Nyerere kinaingia kwenye pato letu au lao. Letu. Takwimu tunazosomewa bungeni ni za pato la ndani (GDP), nazo zinafuata mipaka ya nchi, siyo pasipoti ya mwenye mali. Ila haihesabiwi bei yote ya bidhaa. Tuseme malighafi na umeme vimekula milioni 60, mzigo ukauzwa milioni 100: kinachoingia ni ile 40 tu, yaani mishahara, kodi na faida.

Hiyo faida ni ya mgeni, ndiyo maana kuna hesabu ya pili (GNI): unatoa mapato ya wageni wasio wakazi wa hapa, unaongeza faida na riba ambazo wakazi wa hapa wamevuna nje. (Hela anayokutumia shangazi kutoka London haimo, huo ni msaada.) Tatizo zote mbili tunaziita "pato la taifa", ndiyo maana mnagombana bure humu.

Kaangalie Ireland: mwaka 2015 pato la ndani liliruka zaidi ya asilimia 20, hasa kwa sababu makampuni ya kigeni yalihamishia haki miliki zao huko, mapato yake yakahesabiwa huko. Wanatakwimu wao ikabidi watunge kipimo kingine.